Jioni Nilizomtungia Nesi

Juzi nilipita mtaa wa Merrylands, huku ughaibuni, nikakuta zile fleti tulikofikia baada ya kambi ya wakimbizi ya Tanzania zimezungushiwa uzio, zinangoja kubomolewa. Nilisimama pale barabarani na, usicheke, nikaanza kutafuta pa kujificha.

Nilikuwa na miaka minane. Kila jioni baba, akitoka kazini kwenye ghala huko Lidcombe, alikaa kwenye zulia na mdogo wangu wa kiume wakijenga vijumba kwa matofali ya plastiki. "Hii rangi gani? Tukiongeza mawili yanakuwa mangapi?" Mimi nilikuwa jikoni kwenye harufu ya vitunguu, mdogo wetu mchanga mgongoni kwa kitenge, nachambua maharage. Hakuna aliyeninyima michezo kwa ubaya. Mama alinifundisha kusonga ugali kwa upendo mwingi. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo.

Kisha nesi wa serikali anayekagua afya ya watoto akatuma barua kwamba atatutembelea. Mwanamke mmoja wa kanisani akamwambia mama, "Huku wakikuta binti anabeba mtoto, wanachukua watoto wote. Usicheze na serikali." Mama hakula siku mbili.

Siku yenyewe alinifungua kitenge, akakificha chini ya godoro, akanikalisha kwenye zulia.

"Cheza."

"Nicheze vipi, mama?"

"Kama mdogo wako. Na ucheke kidogo."

Nesi aliingia, akavua viatu, akaketi chini pamoja nasi. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. Akanisogezea matofali nimjengee chochote. Nikayapanga kwa rangi, nikayafuta vumbi kwa pindo la sketi, nikayarudisha kwenye ndoo yake na kufunga kifuniko.

"Huyo anajua kusafisha tu," mdogo wangu akasema, kwa Kiingereza, nesi akasikia vizuri.

Kalamu ikaanza kuandika. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo nesi akaniomba nimuulizie: huyu binti, hapa nyumbani nani hucheza naye?

Nikamgeukia mama, nikamuuliza. Akatazama upande wa godoro lenye kitenge. Nesi alikuwa anangoja. Nikajibu mwenyewe: "Mama anasema ni baba. Kila jioni. Tunajenga nyumba, ananiuliza rangi." Nikaeleza hadi madirisha tuliyoweka, na jinsi baba alivyopenda yawe makubwa. Nesi akatabasamu, akaandika, akafunga daftari.

Mlango ulipofungwa mama alinikumbatia hadi nikakosa pumzi.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba tuko sawa."

Miezi mingi kila hodi ilinikimbiza nyuma ya sofa. Hakuna aliyekuja kutuchukua. Hakuna aliyekuja kuuliza tena, pia. Nikarudi kwenye maharage yangu.

Baba alifariki bila kujua nilichosema. Siku hizi mama akianza kusimulia habari zake, picha inayonijia kwanza ni mimi na baba chini kwenye zulia, tukibishana ukubwa wa madirisha.