Sweta Lenye Harufu ya Ukuta

Binti yangu amerudi kutoka shule ileile niliyosoma mimi, na sweta lake mgongoni linanuka udongo mbichi. Naijua harufu hiyo.

Darasa letu lilibanwa kwenye mlima uliochimbwa, ili pale tambarare pabaki uwanja wa mstarini. Siku ya msaragambo wa kulijenga, kijiji kizima kikibeba mawe, mama yangu alisema kwa Kishambaa, mbele ya wanaume, "Huku mlima unatoa maji. Darasa lije mbele."

"Sasa watoto watapanga mstari wapi?" wakamjibu.

Masika yalipokuja, ukuta wa nyuma ulilowa. Sisi wa nyuma tuliuegemea na masweta yetu.

"Ukuta unatoka jasho tu," mwalimu alisema.

Asubuhi moja tulikuwa mstarini kwenye ukungu, tunaimba, ukuta ukaanguka. Madawati yetu yakafunikwa na tope. Wazazi walikuja mbio, wakatukumbatia, wakasema uwanja ndio umetuokoa. Basi uwanja usiguswe! Wakajenga ukuta palepale, kwa mawe yaleyale.

Nimelishika sweta.

"Unakaa wapi darasani?"

"Nyuma, mama."

"Ukuta una maji?"

"Mwalimu anasema unatoka jasho tu."