Mtoto Mwenye Wajukuu Wanne

Kwenye mgahawa wa tambi pale Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko Uchina, jioni moja, mzee wa Kiyahudi, mzaliwa wa Nairobi, alisukuma bakuli pembeni akatoa mkate mkavu kama boksi la mzigo, na majani machungu. Mfanyabiashara wa Kizanzibari, mama mwenye wajukuu wanne, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, mbona leo unakula hivyo?"

Mzee akafuta macho. "Ni Pasaka yetu. Wazee wetu walitoka Misri mbio, unga haukuwahi kuumuka. Lakini kisa hakianzi mpaka mtoto aulize, na wangu wako Nairobi."

Mama akavuta kiti. "Basi leo mtoto ni mimi. Na hayo majani?"

Mimi nilikuwa meza ya jirani, na wanangu nilikuwa nimewakataza kuhoji watu mezani. Kesho yake nilipanga foleni ya simu, nikawapigia nyumbani, nikaifuta amri.