Gemu la Kusomewa

Baba yangu aliwaua vijana wa watu mmoja baada ya mwingine, na karibu wote aliwaua kwa adabu njema. Walikuwa vijana wa kwenye kompyuta, kwa hiyo hakuna polisi aliyefika kwetu Kiruruma. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika kipanya na kubofya, lakini amri zilikuwa zake.

Nafundisha sekondari upande wa Nkwenda. Likizo ile nilikuja nyumbani na shughuli moja kichwani: kumfanya baba akubali kupasuliwa jicho. Nasema jicho kwa sababu analo moja. La kushoto lilichomwa na tawi la mti wa kahawa alipokuwa kijana, na sasa hili la kulia lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho, likabaki kuona mwanga na vivuli. Madaktari wa macho walitarajiwa kufika hospitali kabla shule hazijafunguliwa. Kila nilipolitaja jambo hilo baba alinijibu, "Tutaona," huku kidole chake kikitafuta kilipo kikombe.

Sababu alikuwa nayo. Rafiki yake wa Kimuli alipasuliwa jicho na halikupona tena.

"Alikwenda na mwanga, akarudi na bandeji," baba alisema. "Naye alikuwa na la akiba."

Nilimweleza kwamba yule mzee alizitupa dawa za matone akaenda kukaa jikoni kwenye moshi. Baba akasema hayo ni maneno ya madaktari. Hapo mazungumzo yalikuwa yakiisha, tunageukia hali ya hewa.

Hali ya hewa ilikuwa mvua, kila mchana. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniwekea gemu la kutisha kwenye kompyuta yangu, na kwa kuwa shambani hakuendeki, nikawa nacheza sebuleni. Vijana wanakwenda kupumzika kwenye nyumba iliyo katikati ya msitu wenye theluji, na huko kuna mtu mwenye kinyago anawawinda. Wewe unayecheza ndiye unayewaamulia: wafungue mlango au wasifungue, wakimbie au wajifiche. Chini ya kioo kuna mstari mwekundu unaopungua. Ukiisha kabla hujachagua, mambo yanakwenda yenyewe, na aliyekufa amekufa.

"Nani anapigwa?" baba aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Nikamweleza.

"Wamefuata nini huko? Kuna msiba?"

"Wameenda kustarehe, tata."

"Msituni? Kwenye baridi ya kuua?" Akatikisa kichwa. "Endelea, tuwasikilize."

Basi nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namtafsiria kwa Kinyambo, naye anaamua. Uamuzi wake wa kwanza ulihusu mlango. Mtu alikuwa nje, na kijana mmoja alikuwa ndani ameshika komeo.

"Amebisha hodi?" baba aliuliza.

"Amebisha."

"Mfungulie. Mwizi habishi hodi."

Nikafungua. Kilichofuata nilikitazama kwa kupitia upindo wa kanga, na si chote.

"Amemkaribisha?" baba aliuliza kwa utulivu.

"Amemkata kichwa, tata."

Alitafakari kidogo, akaona kosa lilipo. Yule kijana hakusalimia. Mtu mzima anasimama mlangoni kwako, unamtumbulia macho, hata shikamoo hakuna. Kwa maelezo ya baba, mwenye shoka alikuwa ameudhiwa.

Wengine aliwaua kwa vikao. Baba aliwahi kukaa miaka mingi kwenye kamati ya chama cha wakulima wa kahawa, ambako jambo halipiti mpaka kila mjumbe arudie alichosema mwenzake. Vijana wawili wakawa wamesimama kwenye ukingo wa shimo, wavuke kwenye gogo au wazunguke, na mstari unakwisha, naye anauliza huyu mkubwa ni ukoo gani, nyumba ni ya nani, na kwa nini hawakuaga. Wote wawili wakatumbukia. "Wana haraka sana," baba akasema, akachukua punje nyingine ya kahawa ya kutafuna.

Hakuogopa hata kidogo, na jambo hilo lilinikera. Mimi niliyesoma saikolojia ya ualimu nilikuwa naruka kwenye kochi kila tawi likivunjika. Yeye picha hazikumfikia. Alipata maneno yangu tu, na maneno yangu, nikiwa na hofu, yalikuwa machache.

Kijana mmoja tu hakumruhusu afe. Alikuwa binti mpole ambaye wenzake walipokuwa wakinywa pombe, yeye aliinama kuwasha moto jikoni. "Huyu amelelewa," baba alisema, na tangu hapo misimamo yake yote ikavunjika. Kwa wengine alikuwa mzee wa kanisa. Kwa binti huyu alikuwa jambazi kabisa. Binti hakumfungulia mtu mlango. Hakusalimia. Alidanganya, akaiba funguo za gari la mwenzake, akampiga mtu kichwani kwa sepetu. "Mwache aibe," baba alisema. "Atazirudisha akifika salama." Kwake vikao havikuwepo tena, nilikuwa sijamaliza kusoma, amekwisha amua.

Hivyo tukafika naye mwisho, amebaki peke yake. Nyuma yake mwenye kinyago alikuwa anakuja. Mbele yake kulikuwa na mlango wa chumba cha chini ya nyumba, na kando ziwa lililoganda.

"Ndani kuna nini?" baba aliuliza.

"Hakuonekani. Ni giza."

"Na ziwani?"

"Barafu. Huenda ikambeba, huenda ikavunjika."

Nikaona mikono yake inakaza kwenye fimbo.

"Tata, chagua. Mstari unakwisha."

"Ngoja."

"Haungoji."

"Nimesema ngoja."

Ukaisha. Binti akabaki amesimama palepale, na yule mtu akamfikia. Nilikimbilia kupunguza sauti lakini baba alikuwa amekwisha sikia.

"Kwani alikosa nini?" aliuliza.

"Hakukosa kitu. Hakufanya chochote."

Mwalimu akiona somo linapita hawezi kulinyamazia. Nikafungua mdomo. "Unaona, tata, mtu asipoamua mapema..."

"Nimekuelewa tangu siku ulipoifungua hiyo mashine," alisema. "Mimi si mwanafunzi wako. Usinifundishe kwa shetani wa msituni."

Aliinuka, akaenda chumbani kwake akipapasa ukuta. Hatukusemezana tena siku ile. Nilikasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikabaki na woga mtupu, maana madaktari walikuwa wanafika wiki hiyo na mimi nilikuwa nimemfungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe.

Asubuhi nilikuwa namenya ndizi uani. Akaja, akakaa karibu yangu kwenye kigoda.

"Yule binti," alisema. "Sura yake ikoje?"

Nikamwambia: Mzungu, mwembamba, nywele ndefu za rangi ya majani makavu.

Aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Mimi nilikuwa nampa sura yako," alisema.

Kisu kikanisimama mkononi.

"Ile ya siku ulipokuja kutuambia umepata kazi," akaendelea. "Ulisimama pale kwenye mgomba. Ndiyo ya mwisho niliyoiona vizuri."

Siku hiyo ni ya zamani. Miaka yote hiyo alikuwa ananisifia nguo zangu za Krismasi, nami nilikuwa nikiitikia asante.

"Sasa hivi ukoje?" aliuliza.

"Niko vilevile, tata."

"Mwongo." Akachukua ndizi moja, akaigeuzageuza, akairudisha kwenye beseni. "Hao watu wanakuja siku gani?"

Nilikuwa nimemtajia siku hiyo mpaka nimechoka. Nikamtajia tena, taratibu, nikimenya, nisije nikamshtua.

Hospitalini alimsalimia daktari kwa kirefu, akamuuliza kwao ni wapi na kama wazazi wapo, na watu wa kwenye foleni wakaanza kukohoa. Kisha akauliza alichokuja kuuliza: jicho hili linaweza kufa? Daktari hakumficha. Akasema hutokea, ingawa ni mara chache, na wengi huona. Baba akanigeukia.

"Mstari umebaki kiasi gani?"

"Kidogo, tata."

"Basi tuingie," akamwambia daktari, ambaye hakuelewa ni mstari gani.

Kesho yake walimfungua bandeji. Muuguzi alimwinulia vidole amwambie ni vingapi. Baba hakuwa na haja na vidole. Alimsogeza muuguzi kando kwa mkono, akanitazama mimi, akaanza kwenye paji la uso akashuka polepole mpaka kidevuni.

"Umezeeka," alisema, kwa furaha ya mtu aliyeletewa habari njema.

Nilicheka, halafu nikalia, na muuguzi akatuonya wote wawili kwamba jicho bichi halitaki machozi.

Siku chache baada ya kurudi nyumbani, alipokwisha kukikagua kibanja chote na kutugombeza kwa kila mgomba, akaniambia niifungue ile mashine. Nikaanza gemu upya. Mlango ukagongwa. Safari hii baba aliona dirishani kinyago, na chini ya kinyago shoka. Akaruka kwenye kiti, akalifunika jicho lake jipya kwa kiganja.

"Wewe nisomee tu," alisema. "Amebisha hodi?"

"Amebisha."

"Mwambie wenyewe hatupo."

Nikacheka mpaka nikashindwa kubofya. Baadaye, binti alipoinama kuwasha moto, nikamwambia ndiye huyu. Akaachanisha vidole, akamchungulia kwa muda mrefu.

"Hata hamfanani," alisema. Kisha akasema, "Lakini na huyu ana baba yake mahali."

Akalifunika jicho tena, akaniambia niendelee kusoma.