Gari Jekundu la Siku za Eda

Mwanamke anayekaa eda haonani na wanaume wa nje, na mafundi wa magari wote ninaowajua hapa Dubai ni wanaume. Ndiyo sababu gari la marehemu liliangukia mikononi mwangu. Mimi ni dereva wa kike, Mkenya wa bara, na niliandikwa kumpeleka mwajiri wangu kliniki, sokoni na kwa jamaa zake. Lakini tangu mumewe afariki alikuwa haendi popote, nami nikawa nashinda nikifuta gari la nyumbani ambalo tayari lilikuwa linameta. Baba yangu ni fundi wa matrekta. Nilikua nikimshikia tochi, na kwa hasira zangu nilikuwa namnyang'anya spana akichelewa kufungua nati. Hayo yote mwajiri wangu aliyajua kwa sababu nilimwambia mwenyewe, bila kuulizwa. Mdomo wangu ndivyo ulivyo.

Yeye ni mzaliwa wa Unguja. Aliletwa huku na wazazi wake akiwa msichana, na Kiswahili chake hakijapotea hata kidogo. Wiki yangu ya kwanza nilimwita Madam, kama tunavyowaita waajiri wote, akanikemea. "Mie si mwenye duka. Niite Mama." Basi nikamwita Mama, na tangu siku hiyo hakuacha kunisemesha. Mama anaongea, jamani! Anaongea akila, akisuka ukili, akitafuta miwani. Nilimpenda kwa hilo.

Asubuhi moja aliniita kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa na nguo zake nyeupe za eda, hana wanja wala harufu ya udi.

"Wewe si unajinata kwamba unajua magari? Lile lifufue."

Lile lilikuwa gari la spoti, milango miwili, viti viwili, lililolala chini ya turubai kwenye ua wa nyumba yetu, mtaa wa Al Warqa. Marehemu alilinunua likiwa limeshatumika, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Aliliendesha miaka mingi mpaka miguu ilipomkataa, kisha likaachiwa vumbi. Nilipolifunua nilisikitika. Jua lilikuwa limepasua dashibodi, magurudumu yamekaa chini, na mipira ya madirisha imekuwa migumu kama ukoko wa wali. Rangi ilikuwa nyekundu zamani. Sasa ilikuwa kama tofali.

"Mama, huyu ni maiti," nikasema, kisha nikajiuma ulimi.

Hakukasirika. Alinipa masharti mawili tu. La kwanza, gari lisitoke nje ya geti mpaka yeye aseme. La pili, chochote nitakachokikuta ndani nisitupe. Nimletee juu ya sinia.

"Hata uchafu?"

"Uchafu ndio kwanza."

Ala! Nimefanya kazi nyumba tatu nchi hii na sijawahi kuambiwa nimpelekee mtu takataka mezani. Nilidhani ni majonzi, na mtu mwenye majonzi haulizwi sababu. Nikatoa betri iliyokufa, nikamwaga petroli iliyochacha, nikaanza kufagia ndani kwa brashi ndogo. Kila siku kabla ya adhuhuri nikapeleka sinia: maganda ya pistachio, kifungo cha kanzu, karatasi za peremende, risiti zilizofutika. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni na kuvipekua vyote kwa ncha ya sindano. Siku moja akainua unywele mrefu kidogo, akauelekeza kwenye mwanga.

"Wa paka huo," nikamwambia. "Yule wa jirani hulala juu ya boneti."

Akauachia. Nami udadisi ukanishinda. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mwanamke," akasema.

Akanieleza bila kupunguza sauti. Kila Ijumaa baada ya alasiri mumewe alikuwa akitoka na gari lile, peke yake, na kurudi baada ya isha. Hakusema anakwenda wapi, na Mama hakuuliza kwa sababu alilelewa kutouliza. Kisha kwenye matanga wifi yake akamnong'oneza sikioni, ati ndugu yake alikuwa na mtu mahali. Lisemwalo lipo, akaniambia Mama, na kama halipo laja. Mwanawe mkubwa, anayekaa mtaa wa Marina, alikuwa ameshasema kwamba siku eda ikiisha analeta gari la kuvuta, chuma chakavu kinauzwa, khalas. "Likishakwenda sitajua tena," akasema Mama. "Nimelala na yule bwana umri wangu wote. Nataka kujua kama nililala naye peke yangu."

Haki, kuanzia hapo sikuwa nasafisha gari. Nilikuwa napekua. Nililala kifudifudi chini ya usukani na tochi mdomoni, nikichokonoa kila ufa. Joto la ua lile! Kuanzia saa nne chuma hakishikiki, ikabidi nifanye kazi alfajiri na jioni, nikiwa nimefunga kichwa kwa kitambaa kibichi. Baba alinielekeza kwa simu kutoka Kitale, akinifokea kama zamani: toa pulagi, sugua, pima nafasi, usikaze kama unakamua nguo. Nikaweka betri mpya na petroli safi, nikabadilisha oili, mipira na pedi za breki. Nikasugua rangi kwa sponji na dawa ya kung'arisha, mlango kwa mlango, na wekundu ukaanza kutoka. Mama alikuwa akiuangalia wekundu ule kwa jicho la kando, kama mtu aliyeletewa posa asiyoitaka.

Chini ya pedali nilipata mchanga. Si huu wetu wa Al Warqa ulio kama unga wa mtama uliopauka. Ulikuwa mwekundu. Mama akausugua kati ya vidole.

"Huu wa Lahbab, jangwani."

"Kuna nini huko?"

"Ngamia na mchanga."

"Ngamia wana nywele fupi," nikasema. Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akaziba mdomo kwa mtandio akatazama huku na huku kama mwizi.

Kwenye buti, chini ya gurudumu la akiba, nikakuta kiti cha kukunja, chupa ya kahawa na kikombe kimoja kidogo kisicho na mkono, cha kahawa. Nikaviweka vyote kwenye sinia. Mama akakishika kikombe, akakigeuza, akaniambia nirudi nikatafute cha pili.

"Hakuna, Mama."

"Rudi. Kahawa haina mtu mmoja. Kwetu ukimwona mtu anakunywa kahawa peke yake unamuuliza nani kafa. Kipo cha pili."

Nilirudi. Nikatoa kila kitu ndani ya buti hadi bati tupu. Hakikuwapo.

Kilichobaki ni kiti cha abiria. Kilikuwa kimesukumwa mbele kabisa hadi kinagusa dashibodi, na nilikuwa nimekikwepa kwa sababu kilikataa kusogea. Siku hiyo nikakivaa kwa hasira. Nikavuta mkono wake, wapi! Nikapiga teke, nikatukana kwa lugha ya nyumbani, nikapulizia mafuta, nikangoja, nikagonga kwa nyundo. Kilipoachia kilitoa mlio wa mlango wa kaburi, nami nikaanguka nyuma. Nikamulika reli zake. Kutu ilikuwa imeshikana tabaka juu ya tabaka, na juu yake mchanga uleule mwekundu, mkavu, haujaguswa. Kiti kile kilikuwa hakijasogezwa miaka na miaka, tangu enzi za safari zile za Ijumaa. Mtu mzima asingeweza kuingiza magoti pale, wala hata mtoto wa chekechea.

Nilikimbia na spana mkononi. "Mama! Hakuna mwanamke! Hapa hakukaa mtu!"

Nikamweleza yote, reli, kutu, magoti, huku nikionyesha kwa mikono. Akainua viganja, "Alhamdulillahi," akavuta pumzi ndefu. Mimi nilikuwa karibu nicheze. Nilitaka ampigie wifi yake simu pale pale, nami nisikilize.

Kisha akauliza polepole, "Na mie je? Ningeenea?"

"Wewe?"

"Pale. Siku angeniambia twende, ningeenea?"

Nilipaswa kusema uongo. Lakini swali lilinijia ghafla. "Hapana, Mama. Asingeenea mtu yeyote."

Akatikisa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu kitu. "Angekuwa na mwanamke ningejua kanishinda kwa nini," akasema. "Kwa ujana, kwa urembo, kwa mapishi. Sasa nimeshindwa na kiti cha kukunja."

Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Wafu hawasemwi vibaya, lakini jioni ile nilimsema, nikiwa peke yangu chini ya boneti, kila nati niliyokaza. Nyumba yenye vyumba vyote hivi, na bado unatafuta mahali pa kukaa? Na kama ulitaka kukaa kimya, si ungemwambia, mdomo ulikuwa wa nini?

Gari liliwaka siku chache kabla ya eda kuisha. Lilikohoa, likazima, likakohoa tena, kisha likashika, na sauti yake ikajaza ua mzima hadi yule paka akaruka ukuta. Nilipiga kelele za furaha, Baba naye akapiga kelele kwenye simu. Mama akatoka nje na nguo zake nyeupe. Akanizunguka mimi na gari, akafungua mlango wa dereva, akaingia, akakaa nyuma ya usukani. Hajui kuendesha. Akafunga mlango na kunifanyia ishara ya mkono nizime. Nilipitisha mkono dirishani nikazima. Akapandisha kioo.

Nilimwona kupitia kioo kile, mikono kwenye usukani, akitazama ukuta wa jirani. Midomo yake haikusogea. Nilingoja nikidhani analia, lakini alikuwa ametulia tu, akikionja kimya kile kama mtu anayeonja mchuzi.

Alipotoka alifunga mlango taratibu.

"Eti mie nasema sana?" akaniuliza.

Nikaokota spana, nikaanza kuifuta.

"Angeniambia," akasema. "Kwani mie sijui kunyamaza?"

Akanyamaza kweli. Siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Alijibu kwa kichwa. Alikula kimya, akasuka ukili kimya, akitafuta miwani alikuwa akiitafuta tu. Eda ikaisha, akaoga, akavaa nguo za rangi, akajifukiza udi, jamaa wakaja kula. Mwanawe alifika na gari la kuvuta, akaona kitu chekundu kinachong'aa, akasema wallahi haliuzwi tena, ataliendesha yeye. "Chukua," akasema Mama. Ndilo neno pekee nililomsikia akisema siku nzima. Wageni walimsifu kwa utulivu wake, ati eda imemkalia vizuri. Nilitaka kuwatoa kwa ufagio.

Walipoondoka nilimpelekea chai sebuleni. Alipokea akaitikia kwa kichwa. Kawaida ningeweka na kurudi jikoni. Sikuweza. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, magoti yetu yakigusana, jambo ambalo dereva halifanyi.

"Mama," nikasema, "mimi sina gari la kukimbilia. Sema."

Alinitazama, kikombe mkononi, kama haamini kwamba kuna mtu anayemwomba aseme.

"Nianze wapi?" akauliza.

Nikamwambia aanze popote.