Maua ya Kahawa ya Maate

Ilikuwa mwaka ule mto Nyamwamba ulipoingia Kasese na kubeba vitanda vya watu. La, siyo huo. Mwaka huo Maate bado alikuwa na miguu miwili mizima, maana alisaidia kuvusha magodoro. Basi ni uliofuata, au wa pili yake. Mibuni ilikuwa inakaribia kuchanua, hilo ndilo lenye uhakika.

Maate alilima kahawa Bwesumbu, mlimani. Mkewe Kavira, mzaliwa wa Butembo ng'ambo ya mpaka, alichukua samaki ziwani Kahendero na kwenda kuwauza sokoni Bwera. Siku hiyo Kavira aliamka na homa, Maate akasema, "Lete kikapu. Na mimi nina mdomo wa kuuzia."

Akafika Bwera salama. Aliposhuka kwenye gari alipanda bodaboda imfikishe sokoni. Mbuzi akakatiza barabara, mwendeshaji akamkwepa, na mbele kulikuwa na lori. Mbuzi alipona.

Paja la Maate likavunjika. Akalazwa hospitali ya serikali, mguu ukaning'inizwa kwa kamba yenye mfuko wa mchanga. Nesi Amoding, mke wa askari wa kambini, akamtuliza.

"Mzee, hapa kitanda bure, dawa bure. Kazi yako ni kulala tu."

"Bure kabisa, sista?"

"Kabisa. Au nikutoze kwa kukoroma?"

Wodi nzima ikacheka, na Maate akacheka. Akalala na moyo mweupe.

Ila mgonjwa hapikiwi na kitanda. Homa ilipomtoka, Kavira akahamia pale, akawa anapika nyuma ya wodi na kulala chini kwenye mkeka. Bwesumbu ni mbali, huwezi kwenda na kurudi. Samaki wa Kahendero wakapata muuzaji mwingine, na mtaji wake ukaliwa palepale. Binti yao Immy akaacha shule kwa muda, achunge mbuzi. Kisha mbuzi nao wakauzwa mmojammoja, mpaka Immy hana cha kuchunga, wala shuleni hakurudi.

Kila alipoletewa ugali wa muhogo Maate aliuliza, "Hiki kimetoka wapi?"

"Kula kwanza, baba Immy. Mutu mugonjwa haulizi sahani."

Akala. Kahawa ipo, alijiambia. Kahawa itamrudisha Immy darasani, itarudisha na mbuzi. Mguu upone tu.

Siku moja akaingia Hardy, mfanyabiashara wa Kasese, na mkate na soda.

"Nimetoka kwako, mzee wangu. Mibuni imechanua, nyeupe kama harusi."

Maate akafurahi kama mtu aliyesifiwa mtoto. Kisha akamwona Kavira anatazama sakafu, akajua mkate ule umekuja kufanya nini. Kule mlimani biashara hiyo wanaiita kuuza maua. Mnunuzi anatoa hela leo, kidogo, mibuni ikiwa bado ina maua, na kahawa ikiiva yote ni yake.

"Kavira, hapa si bure?"

"Iko bure."

"Sasa tunauza maua ya nini?"

"Kesho tunakula nini, Maate? Nikupikie ule mufuko wa muchanga?"

Hardy alitaka kucheka, akaona aibu, akafungua soda. Maate akautazama ule mfuko. Akakubali.

Baada ya miezi mingi alirudi nyumbani kwa magongo. Kahawa ilikuwa imeiva, nyekundu, matawi yameinama kwa uzito kuliko mwaka mwingine wowote. Vijana wa Hardy walikuwa wanachuma huku wakitaniana. Maate akaketi kizingitini. Immy akapita na dumu la maji, amevaa sketi yake ya shule.

"Kahawa imekubali mwaka huu, mzee," alisema Hardy kwa heshima.

"Imekubali," akaitikia Maate. Halafu akamwuliza jambo. Hardy akageuka kuwahesabia vijana magunia.

Alimwuliza mwenyekiti wa kijiji jambo hilohilo, naye akampa pole. Siku ya kwenda kupimwa mguu alimwuliza Amoding. Amoding alianza kucheka, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata. Maate akabaki amesimama pale mlangoni na magongo yake, watu wanampita, bado anauliza: kama hospitali ilikuwa bure, ile kahawa yangu ililipia nini?