Lugha ya Mnarani

Marcelino aliingia kazini kwenye mnara wa nafaka bandarini akiwa kijana. Alipostaafu, mnara ule mkongwe ulikuwa bado unanguruma, ukinyonya ngano kutoka melini. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa yamechoka. Alisikia kwa shida sana.

Mkewe, Euphrasia, alikuwa na duka la vyombo Kariakoo, akamkaribisha kaunta. Hapo shida ikaanza. Ili Marcelino asikie ilibidi upaze sauti, na Kariakoo ukipaza sauti, mtaa mzima umeshajua mambo yako. Siku moja Euphrasia alimuuliza kama amekunywa dawa ya tumbo, muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akajibu, "Bado, mama." Watu wakacheka. Marcelino naye akacheka, bila kujua wanacheka nini. Kicheko chake hicho kilimchoma mkewe.

Jioni, wakifunga duka, Euphrasia alimgusa bega. "Baba Jovitha, kule mnarani mlikuwa mnasemezanaje, na kelele zote zile?"

Alirudia polepole, amemwelekea ili aione midomo yake. Marcelino aliposhika swali, uso ulimng'aa. Akainua mikono. Kiganja kimelala: simamisha. Kidole kinazunguka: endelea. Ngumi mbili zinagongana: mzigo umekwama. Euphrasia akaiga, akakosea, wakarudia, masufuria yamewazunguka.

Kisha Euphrasia akatafuta ishara ya kusemea jambo lake, akaikosa. "Na 'nimekukumbuka' mlikuwa mnaisemaje?"

Marcelino akatikisa kichwa. "Hiyo hatukuwa nayo, Mama Jovitha. Tulikuwa wanaume na ngano tu." Akafikiri kidogo. "Ila ngazini, kwenye vumbi, mwenzako akisita, ulikuwa unampiga mgongoni taratibu, ajue uko nyuma yake."

Euphrasia akamzunguka, akampiga mgongoni taratibu. Marcelino hakugeuka upesi. Alikuwa anafuta macho.

Siku hizi duka lao lina utulivu wake. Wateja wa kudumu nao wameshaokota neno moja moja la mikono, na muuza viatu hana tena cha kudakia. Ila wawili hao hawajaacha kugombana. Marcelino akipanga sahani za udongo karibu mno na mlango, mikono inaruka juu ya kaunta, haraka haraka, na mteja anasimama kwa adabu na beseni lake, hajui amtetee nani.