Mama Yuko Paani

Mimi sikufundishwa kuimba na mtu. Nilijifunza kwa redio ya kaseti ya mjomba, kule Griftu, nikiwaimbia mbuzi ambao hawakuwa na pa kunikimbia. Betri zikiisha niliendelea peke yangu, na nikisahau maneno nilitunga yangu. Tulipohamia Garissa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, majirani walizizoea kelele zangu upesi. Aabo, baba yangu, hakuzizoea. Kwake msichana kuimba mbele ya wanaume wa watu ilikuwa aibu tupu.

Basi mwalimu aliponiandikisha kwenye mashindano ya nyimbo za kutunga, nyumbani hakukukalika. Hooyo, mama yangu, alinitetea mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe aabo akakubali, kwa sharti.

"Nitakuja mwenyewe. Ukinitia aibu, kuimba kumekwisha, na shule pia. Unarudi Griftu kwa mbuzi."

Hakuwa akitisha tu. Dada yangu alirudishwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Wimbo wangu ulikuwa wa ukame. Mvua ikichelewa, hooyo alikuwa akipanda juu ya paa kutazama mawingu, na kiitikio nilikitunga hivi: "Mama yuko paani, atazama mvua." Sasa, ndimi zetu sisi Wasomali hazijawahi kuelewana na p. Kwetu hutoka b, na v hutoka f. Darasani hakuna aliyejali, wote tulikuwa hivyo hivyo. Lakini waamuzi walitoka Nairobi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Aabo alikaa mbele, bakora mapajani, hanitazami. Nikafumba macho nikaanza, na wallahi sauti ilitoka vizuri hata mimi nikashangaa. Nikafika kwenye kiitikio.

"Mama yuko baani, atazama mfua..."

Kicheko kikalipuka kule walikokaa walimu na maofisa wa kutoka bara. Msichana wa Kiislamu, kajitanda buibui, anatangaza mama yake yuko baani! Mwamuzi mmoja alijifunika uso kwa karatasi. Ndipo nikasikia nilichosema. Nikaukatiza wimbo. Nilimwona aabo akimwinamia mzee wa pembeni, Msomali kama sisi, kumuuliza watu wanacheka nini. Mzee akamnong'oneza kuwa wanacheka mama kuwa baani. Aabo akasimama. Nikajua nimekwisha.

"Waria, nyinyi!" alinguruma, bakora ikiwaelekea wale wa bara. "Nini ya kucheka? Mama yake alikuwa baani kweli! Mimi mwenyewe nimemshikia ngazi!"

Lo! Watu waliangukiana kwa kicheko. Yeye hakukaa. Alinigeukia, akasema kwa Kisomali, "Endelea."

Nikaendelea. Kila nilipofika kwenye lile neno sikulikwepa, nililiimba na b yake kwa nguvu zote, machozi ya hasira yakinitoka. Kufika kiitikio cha mwisho, ukumbi ulikuwa kimya.

Sikupewa zawadi. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, nangoja hukumu yangu. Mlangoni akasimama.

"Mwakani utaimba tena," akasema. "Ila watafute waamuzi wengine. Hawa hawajui Kiswahili."